Taa za Breki za Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeshika mkia tena. Jana, kwenye uwanja wa kile kiwanda cha matofali kilichofungwa, mbele ya klabu nzima na mke wangu, ambaye alikuja kutazama kwa mara ya kwanza akiwa amevaa viatu vyeupe. Vimerudi vyekundu.

Kushika mkia si neno. Nimezoea. Neno ni nani aliyeshinda. Ameshinda Mkunga. Yule mkunga wa kituo cha afya ambaye mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu wake wa udereva, nilimkatalia mara nne kumpeleka kwenye mtihani kwa sababu ya mwendo kasi. Sasa ana Subaru ndogo ya bluu iliyopauka, kuukuu kama yangu, na kila mwezi anaipitisha katikati ya koni kama mtu anayefuta meza yake mwenyewe.

Mchezo wetu ni rahisi kuueleza. Kila gari linaingia peke yake. Udongo, koni, saa ya kupimia. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde. Wenye Subaru za zamani tuna kundi letu, Kundi la Wazee: Mkunga, daktari wa meno ambaye ndiye mwenyekiti wa klabu, mapacha wenye duka la rangi wanaokimbia kwa zamu na gari moja, na mimi na stesheni wagoni yangu ya kijani. Watu watano, magari manne. Kati ya watano hao kuna mtu lazima awe wa tano. Sielewi kwa nini lazima niwe mimi.

Baada ya matokeo Mkunga alinijia, akanipa mkono na kusema, "Asante, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha." Alisema kwa moyo mweupe. Hapo ndipo iliponiuma.

Tulipofika nyumbani, nikiwa narudi nyuma kuingia getini, mke wangu akanena. Mama yake anakuja kukaa nasi kwa ajili ya matibabu ya macho. Nyumba inahitaji gari la kubeba watu, si la kubeba matope. Mwenye bucha wa mtaa wa pili ameliulizia gari letu muda mrefu. Mashindano ya kufunga msimu ni tarehe 24. Nikishika mkia tena siku hiyo, mwenye bucha atalichukua.

Nikasema sawa. Mimi nikiwa narudi nyuma huwa nakubali kila kitu, kwa sababu akili yote iko kwenye kioo.

Jumatano, 6 Machi

Nimegundua tatizo. Uzito.

Nimetoa kiti cha nyuma, kiti cha abiria, zulia, redio, tairi la akiba, jeki, mikeka, mbao za milango na ile mipira inayozunguka kioo cha nyuma. Sasa ndani ya gari kuna mimi, usukani na mwangwi. Nikikohoa linaitikia.

Vitu vyote nimeviweka ndani. Kiti cha nyuma nimekiegemeza ukutani sebuleni, na kusema kweli kinapendeza. Jirani alichungulia dirishani akatupongeza kwa kochi jipya. Mke wangu amerudi kutoka maktaba anakofanya kazi, akasimama mlangoni na mkoba wake begani kwa muda mrefu, kisha akaenda kuoga. Nimechukua hiyo kuwa ruhusa.

Fundi wangu amelipitia gari. Amesema limepungua uzito kweli, lakini mwenye gari yuko palepale. Kisha akasema pedi za breki zimekwisha, za pili tangu mwaka uanze, na mwaka wenyewe bado haujasimama vizuri. Nikamwambia vipuri vya siku hizi havina uimara. Akanitazama, akafuta mikono, akanitazama tena.

Fundi mzuri, lakini ana tabia ya kutazama watu.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa. Nilisahau kwamba mama mkwe anaingia leo.

Alipiga simu kutoka kituo cha basi saa nane mchana. Mke wangu yuko kazini. Subaru haina pa kumkalisha mtu mzima, wala mtoto, wala kuku. Nilikuwa barabarani na gari la shule, lile lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa, namfundisha fundi saa mwenye mikono inayotetemeka. Ikabidi twende naye hivyohivyo.

Mama mkwe alikuwa amesimama na mabegi yake, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamkalisha nyuma. Fundi saa naye akamwamkia, akageuza shingo kabisa kumwamkia, na gari likaelekea kwa muuza magazeti. Nikakanyaga breki yangu. Gari la shule lina breki mbili, ya mwanafunzi na yangu. Miaka yote hii nimeokoa nchi kwa mguu huu wa kulia.

Njia nzima mama mkwe alikuwa anakwenda mbele na kurudi kama mtu anayepiga kasia. Akauliza kama barabara yetu ina matuta mengi. Nikasema, mengi sana, Mama. Barabara yetu iliwekwa lami mwaka jana, imenyooka kama meza.

Nyumbani alikaa kwenye kiti cha Subaru sebuleni. Akakipapasa, akakisifu kwamba kinashika mgongo. Akakuta mkanda, akauliza ni wa nini. Ulimi ukanitangulia nikasema ni kwa usalama wa wageni. Akaufunga.

Mke wangu alipofika alimkuta mama yake amefungwa mkanda anakunywa chai. Usiku huu nalala nikitazama ukuta.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimefanya upelelezi. Nimekwenda kituo cha afya kwa kisingizio cha kupima presha, ili nimchimbe Mkunga siri yake.

Foleni ilikuwa ya kina mama wajawazito. Nikakaa katikati yao. Mmoja akanisogezea nafasi na kuniuliza mke wangu yuko wapi. Nikasema maktaba. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Mkunga alifurahi kuniona. Wakati ananifunga ule mkanda wa presha mkononi nikaingiza swali kijanja, nikijifanya hamnazo: eti Sista, mtu anayetaka kuwa na kasi kwenye udongo afanye nini hasa? Sikutegemea ajibu. Akajibu palepale, huku anapampu. "Angalia unakotaka kwenda, Mwalimu, usiangalie koni. Na breki kanyaga kabla ya kona, halafu uachie. Wewe huachii."

Basi. Waziwazi hivyo, mbele ya kina mama wale.

Nimetembea hadi nyumbani nikilifikiria jambo hili. Hakuna mtu anayetoa siri ya ushindi bure kwa mpinzani wake. Kwa hiyo ile si siri. Ile ni chambo. Anataka niache koni bila kuziangalia nizigonge zote. Mwanamke ana akili nyingi; niliiona tangu zamani, ndiyo maana nilimkatalia mara nne.

Uamuzi: nitaangalia koni kwa makini zaidi.

Presha iko juu. Amesema nipunguze chumvi na mawazo.

Jumamosi, 16 Machi

Siku ya mazoezi. Mama mkwe aliomba kuja. Mke wangu akasema mama yake haoni, atakuja kutazama nini. Mama akasema atatazama kwa masikio. Walipanda gari la Daktari wa Meno, kwa kuwa langu lina nafasi ya mtu mmoja.

Gari jepesi ni gari jingine kabisa. Kwenye kona ya kwanza mkia ulitoka ukanipita, ukaenda mbele kuona njia. Nikajikuta nimesimama nikiwatazama watazamaji. Mapacha wa duka la rangi walinipungia mkono. Nikawapungia. Ningefanya nini?

Daktari wa Meno amesema nyuma pamekuwa pepesi mno, magurudumu hayapati pa kushika. Hilo nimelipokea. Yule bwana anang'oa meno siku nzima, anajua kitu kinavyoshika.

Kilichonikata maini ni mama mkwe. Nilipotoka uwanjani akanishika mkono, akanipongeza. Akasema haoni magari, lakini ameniona mimi wazi kabisa. Nikauliza vipi. "Kwa taa zako nyekundu, mwanangu. Za wenzio zinawaka zinazima, zinawaka zinazima. Za kwako zinawaka moja kwa moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zinapendeza sana."

Alisema kwa sauti ya mtu asiyeona walio karibu. Wote walikuwa karibu. Pacha mmoja alilazimika kukaa chini. Mkunga alijikaza, akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Sasa naelewa. Gari lina hitilafu ya umeme.

Jumatatu, 18 Machi

Nimempelekea Fundi gari arekebishe taa za breki. Akanikalisha kwenye usukani, yeye akaenda nyuma. Kanyaga. Nikakanyaga. Zikawaka. Achia. Zikaendelea kuwaka. Nikamwambia, unaona? Akaja mbele, akachungulia miguuni mwangu, akanigusa goti, akasema taratibu kama anaongea na mgonjwa, "Mwalimu. Achia." Nikaachia. Zikazima.

Akaniuliza mguu wangu wa kulia huwa naupumzisha wapi nikiendesha. Nikasema panapopumzishwa na kila mtu. Akasema kila mtu nani. Kisha akaenda kunywa chai na hakurudi.

Sawa. Mimi si mtu wa kushindwa na waya. Nimezitoa balbu zote mbili mwenyewe na kuzifunga kwenye leso. Kutembea barabarani bila taa za breki ni kosa, najua, nalifundisha somo hilo kila Jumanne. Kwa hiyo nitazirudisha kwa safari za barabarani na kuzitoa nikifika uwanjani. Tatizo limekwisha. Hakuna atakayecheka tena.

Jioni mama mkwe aliniuliza kwa nini naupenda mchezo huu wakati hauniletei chochote. Nilikuwa namsaidia kuweka dawa za macho. Nikamwambia kwamba kazini kwangu, siku nzima, furaha ni kitu kisitokee. Gari lisigonge, mtoto asivuke, mwanafunzi asilie. Jumapili moja moja nataka kitu kitokee. Akasema tone limeingia sikioni.

Jumatano, 20 Machi

Nyuma panahitaji uzito. Nilikuwa na mfuko wa saruji uliobaki tulipokarabati bafu. Nimeuweka kwenye buti, katikati, juu ya lile shimo la tairi la akiba. Hesabu safi kabisa.

Jioni nikaenda kujaribu kwenye njia mbovu nyuma ya kiwanda. Gari lilitulia kama limekanywa. Nikapata moyo. Nikaongeza mwendo. Kwenye tuta la mwisho gari liliruka, mfuko nao ukaruka, gari likatua, mfuko ukatua, ukapasuka.

Sikuona tena kitu. Ndani kulikuwa kweupe, nje kweupe. Nilisimamisha gari kwa kumbukumbu. Nilipofungua mlango na kutoka, mlinzi wa kiwanda alinitazama mara moja tu, akaiacha tochi yake chini, akakimbilia kwenye matanuri. Nikamwita nimweleze. Kusikia sauti ndiyo akaongeza mbio.

Nimelifagia kidogo, nimeacha mengine kesho. Mvua imeanza.

Alhamisi, 21 Machi

Ile mipira ya kioo cha nyuma niliyoitoa kupunguza uzito, kumbe ndiyo iliyokuwa inazuia maji.

Saruji imeshika. Sakafu nzima ya buti, kuanzia mgongo wa kiti changu hadi mlango wa nyuma, na lile shimo la tairi limejaa ukingo kwa ukingo. Imeshika vizuri ajabu. Bafu letu halikushika hivi. Ndani yake kuna spana yangu ya kumi na saba na glavu moja ya mkono wa kushoto ambayo vidole vimejitokeza kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema.

Fundi amekuja na nyundo. Mpini umevunjika. Akauliza kama nataka pia vigae.

Kwa hiyo uzito wote nilioutoa umerudi, umekuja na ndugu zake.

Na mchana, kana kwamba hayo hayatoshi, mwenye bucha alipita. Mke wangu ndiye aliyemwita aje aangalie. Nilimfungulia buti kwa furaha, nikijua atakimbia. Akainama. Akaipiga kwa ngumi. Akapitisha kiganja. Akasema amezunguka mji mzima akitafuta gari lenye sakafu ya kuoshwa kwa maji na ufagio, isiyonywa damu, na hajapata. Akamuuliza mke wangu nani amefanya kazi hii nzuri.

Atakuja Jumatatu asubuhi na nduguye kulichukua. Ana uhakika kiasi hicho kwamba nitashika mkia. Hajawahi hata kuniona nikiendesha.

Jumapili, 24 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa, maana kesho nitaanza kuikumbuka vingine.

Kila mtu anakimbia mara mbili, na muda bora ndio unaohesabiwa. Mbio zangu za kwanza zilikuwa tamu. Sikugusa koni hata moja. Nilizitazama zote usoni. Nilihisi naruka. Na nilipotoka hakuna aliyecheka. Balbu zilikuwa mfukoni mwangu. Nikasogea kwa familia yangu kupokea pongezi. Mama mkwe alikuwa anamuuliza mke wangu, "Kwani mwanangu leo hajaja?"

Muda wangu ukasomwa. Wa mwisho.

Kisha akaingia Mkunga. Katikati ya uwanja gari lake lilipiga kelele mbaya, likapoteza nguvu, likajiburuta hadi pembeni. Klachi imekufa. Hakumaliza mbio, kwa hiyo hana muda wowote. Nilielewa mara moja maana yake, na sioni aibu kuandika kwamba moyo wangu ulicheza. Asiye na muda ndiye wa mwisho. Mimi ni wa nne. Gari limebaki nyumbani.

Daktari wa Meno akatangaza kwamba kanuni inaruhusu watu wawili kutumia gari moja, kama mapacha wanavyofanya, ikiwa mwenye gari atakubali. Gari la mapacha tayari lina watu wawili. La Daktari mwenyewe lina gia mbovu ambayo yeye tu ndiye anayeielewa. Macho ya watu yakanigeukia. Nikapiga magoti na kuanza kukagua tairi langu. Nililikagua tairi lile kuliko lilivyowahi kukaguliwa na aliyelitengeneza.

Viatu vya Mkunga vikaja vikasimama mbele yangu. Akasema, "Mwalimu, najua hali yako ya nyumbani. Mama ameniambia. Ukikataa sitakuwa na neno." Nikainua kichwa. Ameshika helmeti yake kwa mikono miwili, tumboni, vilevile alivyokuwa akishika mkoba wake zamani pale ofisini, akisubiri nimwambie kama wiki hii atakwenda kwenye mtihani.

Mara nne niliweza kusema hapana. Safari hii neno halikutoka.

Baadaye nimejieleza kwamba ilikuwa hesabu. Kwamba akiendesha gari langu lenye sakafu ya nyumba atakwenda polepole kama mimi, na dunia yote itajua kwamba kosa siku zote lilikuwa la gari. Ni hesabu nzuri. Lakini niliipata baada ya kumpa funguo.

Akaingia, akavuta kiti mbele, akauliza breki zikoje. Nikasema zinashika sana. Akasema, "Najua."

Sijawahi kuliona gari langu likikimbia. Nalijua kutoka ndani tu. Sikujua linaonekanaje. Liliondoka mstarini likiinua udongo kwa magurudumu yote manne, likaingia kona ya kwanza kwa ubavu, ile sakafu ya saruji ikiukandamiza mkia chini kama mkono wa mtu mzima begani. Injini ile niliyozoea kuisikia ikinung'unika ilikuwa inaimba kwa sauti nzito. Halikusita popote. Koni zilibaki zimesimama. Mke wangu alinishika mkono wa shati, naye hajui kwamba alinishika.

Muda bora wa kundi letu. Si wa leo tu, wa msimu mzima.

Nikaingia kwa mbio zangu za pili, gari lilelile, likiwa bado la moto, kiti nimekirudisha nyuma mahali pake. Wa mwisho. Kwa mbali.

Walipompa Mkunga kikombe alitakiwa kusema machache. Akasema mwalimu wake alimkatalia mara nne, na kila mara alikwenda kulia chooni, na mara ya tano alimpeleka. Akasema darasa lao lilikuwa na watu wengi wenye haraka, na wote wapo hai, na wengine leo ni wazazi wa watoto aliowapokea yeye kwa mikono yake. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Mama mkwe alipiga makofi akielekea upande usiokuwa na mtu.

Jumatatu, 25 Machi

Mwenye bucha alifika asubuhi na nduguye, wamebeba ufagio mpya. Nilikuwa nimekwisha kuliaga gari. Nilikaa ndani yake tangu alfajiri, nimefunga mkanda, nikilishukuru.

Mke wangu aliwapokea getini. Nikamsikia akiwaambia samahani kwa usumbufu, gari haliuzwi. Mwenye bucha akakumbusha makubaliano. Mke wangu akasema makubaliano yalikuwa kabla hajaona. "Jana nimeliona kwa macho yangu. Gari ni zima kabisa. Mwenye kasoro ni dereva, na huyo nikimuuza hakuna atakayemnunua."

Mwenye bucha alinitazama kupitia kioo kama anayepima, akakubali kwamba ni kweli.

Mke wangu ameniwekea masharti. Kiti cha abiria kirudi garini leo, na cha nyuma kirudi kabla ya siku ya hospitali ya Mama. Balbu zirudi na zisitoke tena. Na kila Jumamosi nitakwenda uwanjani kufundishwa na Mkunga, ambaye amekwisha kubali. Walipanga jana wakati mimi nafuta matope. Nikasema mwalimu hafundishwi na mwanafunzi wake. Akaniuliza kama nataka amwite mwenye bucha. Bado yuko kwenye kona. Nikasema Jumamosi ni siku nzuri.

Kiti cha abiria nimekirudisha. Kuhusu cha nyuma kuna mgogoro. Mama mkwe amegoma kuhama. Anasema tangu azaliwe hajakaa mahali panapomshika vile.

Jumamosi, 30 Machi

Somo la kwanza.

Mkunga alikaa kushoto kwangu, kwenye nafasi ambayo kwa miaka yote hii nimeijua kuwa yangu. Mikono magotini, ametulia, kana kwamba hakuna hatari yoyote duniani. Njia nzima nilitaka kumkumbusha atazame kioo chake cha pembeni.

Amenipa zoezi moja tu. Kila nikikanyaga breki niseme kwa sauti, "Breki." Basi. Nisiiache, nisijizuie, niseme tu. Tukaanza. Nikasema breki. Nikasema breki. Mzunguko wa kwanza mlinzi wa kiwanda alitoka kusikiliza. Mzunguko wa pili sauti ilianza kukwaruza. Mzunguko wa tatu nilikuwa nanong'ona, na alipouliza kama nimechoka sikuweza kumjibu, na wakati nashindwa kumjibu nikanong'ona breki.

Akasema huo ni mwanzo mzuri. Akasema sasa nimesikia kwa masikio yangu. Akasema tena lile la kuangalia ninakotaka kwenda. Akanipa dawa ya koo kutoka mkobani, akanishika bega, akaenda zake kazini. Kuna mama aliyeanza uchungu.

Nimekaa peke yangu ndani ya gari, nikinyonya ile dawa, nikitafakari yote kwa utulivu, kama mtu mzima. Gari ni lilelile. Udongo uleule. Koni zilezile. Helmeti haiendeshi gari. Kuna kitu gani alichokifanya yeye Jumapili ile ambacho mimi sikukifanya?

Nikakiona. Alivuta kiti mbele.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Fundi. Nimekivuta kiti mbele hadi mwisho wa reli, kisha nikamwambia akichomelee hapohapo kisirudi tena. Aliuliza kama nina uhakika. Kwa kuwa sina sauti nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu. Alichomelea huku ananitazama.

Ninaandika haya nikiwa nimekaa humo. Magoti yamegusa usukani, kidevu nacho kinaukaribia, na kutoka itabidi nisubiri mtu. Lakini nilipoingia tu, kabla sijafikiria chochote, mguu wa kulia ulikwenda wenyewe ukalala juu ya breki, mahali pake hasa, ukatulia. Kiti kimekaa sawasawa. Msimu ujao Mkunga ajiandae.